Kamba Hukatikia Pembamba

MAARIFA YA UFUNDI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwezi uliopita tulipokea barua ya mama mmoja, msomaji wetu wa Seeb, nasi tumeona kwamba jawabu lake lastahili kusomwa katika kila nyumba yenye gari. Anaeleza kuwa rimu moja ya gari yao, rimu ya aluminiamu, ilipata ufa baada ya kupiga jiwe katika njia ya wadi. Mumewe aliipeleka kwa fundi, akaambiwa kwamba ufa utachomelewa na kusagwa hata usionekane tena, kwa gharama ndogo mno kuliko bei ya rimu mpya. Kijana wao anayesoma chuo cha ufundi akapinga. Akasema kuwa joto la kuchomelea huiua nguvu ya aluminiamu, na kwamba siku hizi iko njia ya kuiunga bila ya kuiyeyusha, njia isiyopunguza nguvu hata chembe. Basi itafutwe njia hiyo. Baba, ambaye amefanya kazi ya vyuma kwa miaka thelathini, akaona mtoto anamfundisha kazi yake mwenyewe. Yakawa maneno.

Gari hiyo ndiyo iipelekayo familia Ibra kila Ijumaa kuwatazama wazee. Mama anauliza: “Nani mwenye haki baina yao, na je, niwapakie watoto katika gari hiyo au nisiwapakie?”

Jawabu fupi, mama yetu, ni kuwa baba na mwana kila mmoja ana fungu lake la haki, na rimu ile isitiwe garini. Jawabu refu ndilo makala yetu ya mwezi huu.

Nguvu ya aluminiamu hutoka wapi?

Aluminiamu iliyo safi ni madini laini; waya wake mnene huweza kupindwa kwa mkono. Ili ifae kwa gari, ndege na majahazi ya kisasa, huchanganywa na madini mengine kwa kiasi kidogo: shaba, magnesiamu, silikoni au zinki. Mchanganyiko wa namna hiyo huitwa aloi. Lakini kwa aloi nyingi kuchanganya peke yake hakutoshi. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Alfred Wilm, aliipasha moto aloi ya aluminiamu yenye shaba na magnesiamu, akaipoza ghafla, na baada ya siku chache akaikuta imekuwa ngumu kuliko alivyoiacha, hali ya kuwa hakuna aliyeigusa.

Sababu yake ilikuja kufahamika baadaye. Ndani ya madini chembe zimepangika tabaka juu ya tabaka, na madini hupinda pale tabaka moja linapoteleza juu ya jingine. Mfano wake ni mkeka uliotandikwa juu ya sakafu laini: ukiuvuta, huteleza wote. Ukiupigilia vijipini vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, hauendi popote. Aloi ikipashwa moto kisha ikapozwa ghafla, yale madini yaliyochanganywa hujikusanya humo ndani kuwa vijipini vya namna hiyo, vidogo hata darubini ya kawaida haivioni.

Tuchukue aloi moja maarufu iitwayo 6061, yenye magnesiamu na silikoni. Hupashwa hadi kiasi cha digrii 530 za selsiasi, huzamishwa majini, kisha hurejeshwa katika tanuri la digrii 160 hadi 180 kwa muda wa saa kadhaa. Kabla ya matengenezo hayo, kijiti chake chenye unene wa milimita moja ya mraba hukatika kikivutwa kwa uzito wa kilo 12 au 13. Baada yake kijiti hicho hicho huvumilia karibu kilo 31. Hayakuongezwa madini yoyote. Kilichobadilika ni mpango wa vijipini tu. Rimu nyingi za aluminiamu nazo, ambazo huwa na silikoni na magnesiamu kidogo, hupitishwa kiwandani katika matengenezo ya jinsi hii.

Moto wa fundi hufanya nini?

Hapa ndipo baba na mwana walipoachana njia, na sababu ni kuwa kila mmoja alikuwa anazungumza juu ya madini mengine. Baba ameunga mageti, matangi ya maji na nguzo za chuma. Chuma laini cha kawaida, kikichomelewa na fundi anayejua kazi yake, maungio hayawi dhaifu kuliko sahani yenyewe; mara nyingi sahani hukatika kwanza. Hayo ndiyo macho ya baba yaliyoyaona kwa miaka thelathini, na ni kweli tupu. Lakini aluminiamu si chuma chepesi. Ni madini mengine, yenye tabia zake.

Kwanza, huyeyuka kwenye digrii 660, hali ngozi nyembamba inayoifunika, ambayo hutokana na hewa kama vile kutu ya chuma, haiyeyuki mpaka zipite digrii 2,000. Fundi asipoiondoa vyema, ngozi hiyo humezwa ndani ya maungio. Pili, aluminiamu iliyoyeyuka hunyonya haidrojeni kutokana na unyevu, na inapoganda huitema, yakabaki matundu madogo ndani yake. Anayeijua hewa ya Maskat katika mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeshikamana na vioo alfajiri, ataelewa kuwa unyevu hapa si jambo la kutafutwa. Tatu, zipo aloi ambazo zikiganda hunywea na kupasuka zenyewe palipounganishwa. Khasa zile zenye nguvu kubwa, za shaba na za zinki, ambazo kwa muda mrefu mafundi wa ndege waliogopa kuzichomelea na badala yake wakazipigilia ribiti.

La nne ndilo kubwa, nalo halionekani kwa jicho. Moto hauishii katika mstari wa maungio. Huenea kandoni kwa upana wa sentimita kadhaa. Pale kandoni madini hayakuyeyuka, yang’ara kama yalivyokuwa, lakini vile vijipini tulivyovitaja vimevurugika. Vingine vimeyeyukia ndani ya madini; vingine vimekusanyana vikawa vichache na vikubwa, na mkeka sasa huteleza katikati yao. Ile 6061 iliyokuwa ikibeba kilo 31 kwa kila milimita ya mraba, baada ya kuchomelewa kwa kawaida mara nyingi haifiki kilo 20. Fundi anaweza kuuweka mstari mzuri wa kupendeza kama ushanga, na rimu ikakatika sentimita mbili kandoni mwake. Wazee walisema kamba hukatikia pembamba; hapa pembamba hapaonekani kuwa ni pembamba.

Msomaji mwerevu atauliza: mbona boti za mwendo wa kasi ni za aluminiamu na zimechomelewa kila upande, nasi tunazipanda? Kivuko chetu cha Shinas na mwenziwe Hormuz viliundwa Australia Magharibi na kampuni ya Austal. Boti kadhaa za Kilimanjaro zivukazo baina ya Dar es Salaam na Unguja ziliundwa Hobart, Tasmania. Zote ni za aluminiamu. Jawabu ni kuwa mabati ya boti kwa kawaida hutengenezwa kwa aloi za magnesiamu, kama ile iitwayo 5083, ambazo hazitegemei vijipini vya tanuri. Nguvu zao hutokana na magnesiamu yenyewe na kule kufinywa kwa mitambo. Hizo zikichomelewa hupoteza kidogo tu. Kisha mwundaji hujua tangu mwanzo kwamba penye maungio pana nguvu pungufu, akaongeza unene au akayaweka maungio mahali pasipo na mzigo mkubwa. Hesabu imefanywa kabla ya moto kuwashwa. Kwa rimu yetu hesabu hiyo haikufanywa, kwani aliyeiunda hakukusudia ichomelewe.

Kuunga kwa kusonga

Sasa tuitazame ile njia mpya aliyoisoma kijana. Iligunduliwa mwaka 1991 katika taasisi ya uchomeleaji iitwayo TWI, karibu na mji wa Cambridge, Uingereza, na Wayne Thomas pamoja na wenzake. Sisi tutaiita kuunga kwa msuguano na kusonga, kwa kuwa kila aliyewahi kusonga ugali ameshaifahamu nusu yake.

Sahani mbili za aluminiamu huwekwa kichwa kwa kichwa juu ya meza ya chuma, zikabanwa barabara zisitikisike. Juu yake hushuka chombo cha chuma kigumu mfano wa mchi mfupi, chenye ncha nyembamba na bega pana. Chombo hicho huzunguka mamia ya mara kwa dakika, pengine zaidi ya elfu, na hukandamizwa kwa nguvu mpaka ncha yake izame katika mpaka wa sahani mbili na bega likae juu yake. Msuguano huyapasha madini moto mpaka yakalainika, lakini hayafiki kuyeyuka. Kisha chombo huendeshwa polepole kufuata mpaka ule, kikiyasonga madini ya upande huu na ya upande ule yakawa kitu kimoja, kama mwiko unavyousonga ugali uliokwisha kushika: hautiririki kama maji, wala haukatai kugeuzwa.

Tazama ni mangapi yameepukwa. Kwa kuwa hakuna kilichoyeyuka, haidrojeni haipati njia ya kuingia na kuacha matundu, wala hakuna kuganda kunakoleta kupasuka. Hakuna waya wa kuongezea, wala moshi, wala mwanga wa kuumiza macho. Ile ngozi ya juu husagwasagwa na kutawanywa. Pale katikati penye kusongwa, punje za madini huwa ndogo na laini kuliko zilivyokuwa, na madini yenye punje ndogo huwa na ustahimilivu mzuri. Sahani pia hazipindi sana kama zinavyopinda kwa moto mkali.

Kwa ajili hiyo njia hii ilienea upesi. Mnamo mwaka 1996 ilikuwa tayari inatumika Norway kuunga mabati ya sitaha za meli. Baadaye ikaingia katika matangi ya roketi za Marekani, ambako zile aloi kaidi zilikubali kuungwa. Kampuni ya Hitachi ya Japani huunda mabehewa ya treni kwa njia hii, na treni zake za kasi ziendazo baina ya London na jimbo la Kent ni miongoni mwao. Siku hizi hutumika pia katika masanduku ya betri za magari ya umeme.

Je, nguvu hubaki yote?

Hapa ndipo tunapomrudia kijana wetu, kwani amesoma vizuri lakini hakufika ukurasa wa mwisho. Kusonga hakuyeyushi, lakini kunapasha moto. Na vile vijipini havingoji madini yayeyuke ndipo vivurugike. Joto la digrii mia tatu au mia nne lawatosha. Basi katika aloi zilizotengenezwa kwa tanuri, kama 6061, ukanda dhaifu hubaki pande mbili za maungio, ila huwa mwembamba zaidi na udhaifu wake huwa mdogo. Mahali ambapo moto wa kawaida huacha chini ya kilo 20 katika 31, kusonga mara nyingi huacha baina ya kilo 20 na 25. Hiyo ni faida kubwa, lakini si ile “hata chembe” aliyoisema. Katika aloi za magnesiamu zilizolainishwa, maungio yaliyosongwa vyema huweza kuwa sawa na sahani yenyewe. Kwa hiyo mtu akiuliza, “Njia hii hupunguza nguvu au haipunguzi?”, fundi wa kweli humjibu kwa swali: “Aloi ipi, na ilitengenezwa vipi kabla haijanifikia?”

Mwendo wa kazi nao una hukumu yake. Chombo kikizunguka kwa kasi mno na kutembea polepole mno, joto huzidi na ukanda dhaifu hupanuka. Kikitembea haraka kupita kiasi, madini hayasongeki vyema, na hubaki mfereji wazi ndani ya maungio ambao juu hauonekani. Na lipo kosa baya kuliko hilo: pande mbili hugusana, zikabanana barabara, wala zisiungane. Jicho halioni, na hata vipimo vya mawimbi ya sauti mara nyingine hupita bila ya kulitambua. Ni mshikamano wa uongo, unaosimama siku zote isipokuwa siku ya kujaribiwa.

Turudi kwenye rimu

Je, ufa wa rimu yaweza kuungwa kwa kusonga? Kwa gereji ya mtaani, hapana. Chombo kile hakishikwi kwa mkono. Hukandamizwa kwa nguvu ya mamia ya kilo, na kwa sahani nene hufika tani kadhaa, na lazima upande wa chini uwepo muhimili mgumu wa kuipokea nguvu hiyo. Kazi yake nzuri ni mistari inayojulikana, vipande vilivyo safi na mashine iliyopangwa kwa ajili yake. Ufa wa rimu ni mstari uliojichorea wenyewe, umejaa vumbi na mafuta ya barabarani, katika umbo la mviringo. Na chombo kinapotolewa mwishoni huacha tundu lake nyuma, ambalo kiwandani hupangiwa mahali pa kukatwa na kutupwa. Katika rimu hakuna mahali pa kutupa.

Basi mlango wa kijana umefungwa, na umebaki mlango wa baba: moto wa kawaida. Ili rimu irudi katika nguvu yake baada ya moto huo, ingebidi itiwe yote katika tanuri la zaidi ya digrii mia tano, izamishwe majini, kisha irejeshwe tanurini kwa masaa. Na ikitoka huenda imepinda na haifai tena kuzunguka. Hakuna gereji ya mtaa ifanyayo hayo kwa bei aliyotajiwa baba.

Tupige hesabu ndogo. Gurudumu la gari ya kawaida huzunguka karibu mara 50,000 kwa kila kilomita 100, na kila mzunguko rimu hubanwa na kuachiwa. Madini yanayobanwa na kuachiwa hivyo hayahitaji mzigo mkubwa ili yakatike. Yahitaji ufa mdogo na idadi kubwa. Palipochomelewa pana vyote viwili: ukanda uliolegea, na vijitundu ambavyo kila kimoja ni mwanzo wa ufa. Kwa sababu hiyo rimu iliyochomelewa haivunjiki uani siku ile ile, mbele ya fundi. Hutoka ikang’ara, ikapita mwezi, pengine miezi, hata kila mtu akasahau. Kisha huachia njiani, katika mwendo wa kilomita 120 kwa saa, gari ikiwa na watu.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Rimu ya aluminiamu yenye ufa isichomelewe, ibadilishwe. Mikwaruzo ya juu juu inayoharibu sura tu haina neno. Anayenunua rimu iliyotumika na aitazame upande wa ndani, si wa nje. Akiona mstari uliosagwa, au rangi mpya mahali pamoja tu, na aiache. Hukumu hiyo hiyo ni ya ngazi ya aluminiamu iliyovunjika mguu ikachomelewa: isipandwe tena. Mkono wa sufuria uliotoka upigiliwe ribiti kama kawaida, kwani hapo hakuna roho inayoning’inia.

Wazee wetu wa Sur na wa Lamu walilijua jambo hili katika mbao. Mitepe ya pwani yetu ilishonwa kwa kamba za nazi, na jahazi la Sohar, lililoundwa Sur na kuondoka Maskat Novemba 1980 likafika Guangzhou, China, Julai 1981, lilishonwa vivyo hivyo bila ya msumari mmoja. Leo limewekwa karibu na Al Bustan, na wengi wetu hulipita kila wiki. Aliyelishona alijua namna ubao unavyonyumbuka juu ya wimbi, akachagua maungio yanayonyumbuka pamoja nao. Hakuanza kwa kuuliza ni maungio yapi yaliyo mapya au ya bei rahisi. Aliuliza ubao unataka nini.

Nasi tunakumbuka kisa cha Nabii Daudi, alayhis salaam, katika Suratu Saba, ambaye Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma na kumwamrisha kupima sawasawa katika kuziunga pete za deraya. Hatusemi kwamba kisa hicho kinazungumzia mashine za leo. Hilo si letu kulisema. Tunasema tu kwamba hata aliyepewa chuma kilaini mkononi mwake hakusamehewa kupima. Deraya huvaliwa na mtu mwingine, naye hutoka nayo akiamini kwamba aliyeiunga alipima.

Mama yetu wa Seeb, mwambie bwana wako kwamba miaka yake thelathini haikupotea: ni miaka ya chuma, na katika chuma kijana bado ana mengi ya kumuuliza. Mwambie kijana wako kwamba elimu yake ni ya kweli, nayo itapata kazi nchini humu. Kiwanda cha kuyeyushia aluminiamu cha Sohar kimekuwa kikitoa madini hayo tangu mwaka 2008, na madini yakishapatikana lazima apatikane wa kuyaunga. Lakini amalize ukurasa. Na bei ya rimu moja, ikiwa ni nzito kwa mwezi huu, basi safari ya Ibra na ingoje. Wazee watasikitika Ijumaa moja, nao watakuelewa.

Mwezi ujao, inshaallah, tutazungumzia mtungi wa gesi jikoni na mpira wake. Wenye maswali wayaandike na kuyakabidhi kwa anayewaletea jarida hili.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.